Meno ya chui kwa shingo ya nani?

Wasomaji wa kitabu chetu wamezoea kukuta humu habari za ndoa, za ngoma, za majina ya watoto na za matanga. Safari hii tunataka kusema juu ya vitu ambavyo jicho huviona kwanza na akili huvifikiria mwisho: shanga, bangili, mikufu, kofia za simbi, meno ya wanyama yaliyotobolewa na kupangwa kwenye uzi. Tunaonya mapema kwamba haya si maandishi ya kusifu tu. Mambo ya mapambo yameharibika pande mbili: kule Ulaya na Marekani, ambako yanawekwa ndani ya vioo, na hapa kwetu Kindu, ambako yanavaliwa ovyo. Na tunafikiri kosa la pande zote mbili ni moja.

Tuanze na jina. Wanaosema Kifaransa wana neno lao, bijou ethnique, yaani pambo la kikabila, na neno hilo limekwisha kuingia mpaka kwetu. Utalikuta kwenye maduka ya Bruxelles na Paris, na kwenye vile vitabu vizito vya picha ambavyo mtu huweka sebuleni bila kuvisoma. Ndani ya kapu hilo moja wanatia shanga za Wamasai, fedha za Watuareg, hereni kubwa za dhahabu za Wafulani wa Mali, jiwe la kijani la Wamaori, na simbi zetu. Lakini taji la kifalme la Uingereza lenye jiwe la Koh-i-Noor lililotoka India halimo kapuni. Mnyororo wa dhahabu ambao meya wa mji wa Ulaya huvaa siku ya sherehe, nao haumo. Kwani Waingereza si kabila? Neno linachagua watu wake, sawa vile neno “ndege wa porini” linavyomwacha kuku nje. Kisha linafanya ubaya mwingine: linasema vitu hivi vyote ni bijou, ni urembo, ni kitu cha kupendeza shingoni. Hapo ndipo tunapokataa kabisa.

Kila mtu wa Kindu anajua galoni. Tumekaa na askari wa kila namna miaka mingi, na mtoto wa miaka kumi atakuambia tofauti ya luteni, kapteni na kolonel akiangalia bega tu. Anajua vilevile kwamba huwezi kwenda sokoni kununua galoni za kolonel na kutembea nazo barabarani; watakukamata, tena utapigwa. Galoni zinang’aa, zimeshonwa vizuri, lakini hakuna anayeziita urembo. Basi sehemu kubwa ya vile vinavyoitwa mapambo ya Maniema iko upande wa galoni, haiko upande wa bangili.

Mfano wetu ni wa Warega, au Balega kama wenyewe wanavyojiita, wa territoire ya Pangi, na ndugu zao wa Shabunda na Mwenga upande wa Kivu ya Kusini. Tunawachukua hao kwa sababu habari zao zimeandikwa kuliko za wengine. Hatusemi hapa juu ya Wakusu, Wabangubangu, Wakumu na Wagenya. Kila watu hao wanastahili makala yao wenyewe. Warega hawakuwa na mfalme mmoja. Walichokuwa nacho ni bwami, chama chenye madaraja, na majirani kama Wabembe, Wazimba na Wasongola wana bwami yao au kitu kinachofanana nayo. Mwanamume alianza chini, kwa kongabulumbu, akapanda, akapita ngandu, akafika yananio, na wachache sana wakafika kindi, na ndani ya kindi kwenyewe kuna ngazi ya mwisho. Kupanda kulitaka mali, lakini mali haikutosha. Kulitaka ndugu wa kukusaidia kukusanya hiyo mali, kulitaka mwalimu, kulitaka tabia ambayo watu wameiangalia miaka. Mtu mgomvi alibaki chini hata akiwa na mbuzi mia.

Kila daraja lilikuwa na vitu vyake vya mwilini. Kofia za rafia zilitofautiana. Za juu zilifunikwa kwa simbi au shanga na kuwekwa mkia wa tembo. Kulikuwa na ukanda wa ngozi ya bongo, yule swala mkubwa mwenye mistari. Kulikuwa na mkufu wa meno ya chui, na huo ulikuwa wa kindi. Mtu aliyekutana na mzee njiani aliangalia kichwa na shingo, akajua amsalimie namna gani na amsubiri nani aseme kwanza. Vitu vizito vya bwami Warega wanaviita masengo, na neno hilo ndani yake lina heshima na hofu pamoja. Wana neno jingine, busoga, linalosema uzuri na wema kwa mara moja. Kwa Kiswahili tungehitaji maneno mawili, kwa Kifaransa vilevile. Mrega anapong’arisha kitu chake cha pembe kwa mafuta mpaka kinakuwa chekundu kama mawese, haongezi urembo peke yake. Anakitendea vile anavyoutendea mwili wa mwanachama siku ya sherehe, nao hupakwa mafuta hivyohivyo.

Na chui? Chui aliyeuawa hakuwa wa mwindaji. Ilibidi apelekwe kwa wazee wa bwami, agawanywe kwa kanuni, nyama kwa hawa, ngozi na meno kwa wale. Kakakuona pia alikuwa mnyama wa namna hiyo. Kwa hiyo mkufu wa kindi ulikuwa na habari ndefu nyuma yake: mnyama aliyegawanywa kwa amani, watu waliokubaliana nani apate nini, mtu aliyeonekana anastahili. Hapa tutasema jambo moja juu ya Mobutu, halafu tuendelee. Kofia yake ya chui ilijulikana dunia nzima, na wakati wa Otantisite watu waliambiwa ndiyo Afrika yenyewe. Kwa wengine huenda. Kwa Bulega, chui alikuwa wa kugawanya, na katika kofia ile hakugawanywa na mtu.

Wanawake tusiwasahau, maana vitabu vinawasahau kirahisi. Mwanamume hakuweza kufika kindi bila mke aliyepanda pamoja naye. Mke wa ngandu aliingia bombwa, wa yananio bulonda, wa kindi kanyamwa. Kanyamwa alikuwa na kofia yake, shanga zake na simbi zake, na heshima yake haikuwa ya kuazima kwa mumewe. Daraja lake alilipata kwa sherehe, mbele ya watu, na mume asingeweza kulivunja kwa kuamka siku moja na hasira. Akina mama wa Kindu wanaotafuta mifano ya zamani kwa ajili ya tarehe 8 Machi wangeitazama habari hii kwa jicho zuri.

Sasa tuje kwenye neno “asili”, maana hapo ndipo watu wetu wanapojichanganya. Utasikia mtu anashika kofia ya simbi na kusema: “Hii njo ya kwetu kabisa, haijachanganywa na kitu ya mugeni!” Pole pole, ndugu. Simbi ni kauri, na kauri inatoka bahari ya Hindi. Kutoka Kindu mpaka bahari hiyo ni zaidi ya kilometa elfu moja, na konokono huyo mdogo hawezi kuishi ndani ya Lualaba hata siku moja. Alifika hapa begani mwa watu. Mwingereza Cameron, aliyefika Nyangwe mwaka 1874, aliandika kwamba katika soko lile fedha zilikuwa kauri, mbuzi na watumwa. Msomaji aisome tena sentensi hiyo. Ile simbi nyeupe inayopendeza juu ya kofia ilihesabiwa sokoni pamoja na watu. Miaka mitatu kabla, tarehe 15 Julai 1871, ndani ya soko hilohilo la Nyangwe, Livingstone aliona watu wa misafara wakiwapiga risasi akina mama waliokuja kuuza vyakula, na mamia wakafa kwa bunduki na kwa maji ya mto. Hatusemi kila simbi ina damu. Tunasema kwamba simbi ina safari, na anayeitukuza kama kitu safi kilichoota katika udongo wetu hajauliza ilipita wapi.

Shanga vilevile. Zilizofika kwa misafara ya Waarabu na Waswahili zilitengenezwa Venezia kwa sehemu kubwa, zikapita Unguja, Tabora, Ujiji, zikavuka Tanganyika, zikafika Kabambare na Kasongo. Zilikuwa na majina ya Kiswahili: samesame, nyekundu kama damu; sofi, kama vipande vya shina la kiko lililovunjika. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na rangi iliyopendwa mwaka huu ilikataliwa mwaka ujao. Msafara uliokosea rangi ulilala njaa, maana hakuna aliyetaka kuwauzia unga. Jambo hilo linatufurahisha kidogo: mama wa kijiji alipokataa shanga ya buluu, tajiri wa Unguja alipata hasara na fundi wa Venezia alilazimika kubadilisha tanuri yake. Wamasai nao, wanaochukuliwa leo kama mfano wa kwanza wa shanga za Afrika, kwa miaka mingi wamefanya kazi na shanga za kioo kutoka Bohemia, inchi ya Wacheki. Hawakuwa Wacheki kwa sababu hiyo.

Kilichokuwa cha hapa kwa mwili na roho ni konokono mkubwa wa msituni, yule ambaye wengine wanamla. Ganda lake lilikatwa, likatobolewa na kusuguliwa mpaka likawa visahani vidogo vilivyopangwa kwenye kamba. Warega waliita kamba hizo musanga. Zilikuwa fedha, zilikuwa mahari, zilikuwa malipo ya bwami, na zilivaliwa. Dhahabu haimo katika orodha ya vitu vya bwami, ingawa udongo wa Maniema unayo, na Namoya inajulikana mpaka kwenye masoko ya hisa ya Kanada. Mtu alikanyaga dhahabu akienda kuokota konokono. Waliosoma uchumi watueleze.

Lakini kitu kinachotufundisha kuliko vyote ni vifungo. Kuna kofia za kindi ambazo hazina simbi, zimefunikwa na vifungo vya shati. Ndiyo, vifungo vya Ulaya, vyeupe, vyenye matundu manne, vimepangwa mstari kwa mstari kama magamba ya samaki. Wanunuzi wengi wa Ulaya hapo zamani waliviona kama uharibifu: kofia ya simbi iliitwa ya kweli, ya vifungo iliitwa ya juzi. Kumbe wazee walijua walichofanya. Simbi ilikuwa kitu cheupe, kigumu, chenye kung’aa, kilichotoka mbali na kupatikana kwa shida. Kifungo kilikuwa na sifa hizohizo nne. Kindi mwenye kofia ya vifungo alikuwa kindi mzima, kwa sababu ukindi haukutoka katika simbi. Ulitoka katika wale waliomvika.

Hilo ndilo neno letu lote katika makala hii: pambo la namna hii linafanywa na kanuni ya nani anampa nani. Ukishika kanuni, unaweza kubadilisha simbi kwa kifungo. Ukiacha kanuni, hata ukiwa na simbi ya mwaka 1850 mkononi una ganda la konokono.

Kwa kipimo hicho tuwaangalie kwanza wenye vioo. Utawala wa Wabelgiji uliogopa bwami tangu mapema, juu ya nguvu yake ya kuwaunganisha watu bila ruhusa ya mtu, na mwaka 1948 ukaupiga marufuku rasmi. Katika miaka hiyo ya hofu vitu vingi viliondoka: vingine vilinyang’anywa, vingine vilifichwa vikaoza, vingine viliuzwa na watu waliokata tamaa. Katika miaka ya 1950 Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa na Warega, akasikiliza, na mwaka 1973 akatoa kitabu kikubwa, Lega Culture. Tunamheshimu. Alieleza wazi kwamba kitu cha bwami hakina maana moja ya kudumu. Maana inakuja pamoja na methali, na ngoma, na namna mwalimu anavyokishika siku hiyo. Tena alionyesha kwamba ndani ya kikapu cha mafundisho mdomo wa ndege, ganda, au fungu la majani hufundisha sawa na sanamu ya pembe.

Soko halikusoma ukurasa huo. Soko liliacha kikapu, likachukua pembe. Mkusanyaji mkubwa wa vitu vya Warega huko Marekani alikuwa Jay T. Last, mwanafizikia wa California, mmoja wa wale wanane walioanzisha kampuni ya Fairchild mwaka 1957 na kufungua njia ya kompyuta za leo. Mtu aliyepata mali kwa elektroniki akanunua masengo ya Bulega. Sisi wenye kasiterite na koltani ardhini tunaruhusiwa kutabasamu kidogo. Vitu vyake alivitoa kwa Fowler Museum ya Los Angeles, ambayo mwaka 2001 ilitoa kitabu kizuri, Art of the Lega, cha Elisabeth Cameron. Mwaka 2013 vilifika Paris, musée du quai Branly, na maonyesho yakaitwa Secrets d’ivoire, siri za pembe.

Hatukatai kazi ya wataalamu hao, na Cameron hasa anawaeleza wasomaji wake kwamba vitu hivi ni vya mafundisho. Tunalaumu kichwa cha maonyesho. Pembe haikuwa na siri. Siri, kama tunataka kutumia neno hilo la kuuza tiketi, ilikuwa ya daraja na ya mafundisho, na ilikaa sawasawa ndani ya kofia, ndani ya ukanda na ndani ya ganda. Kuweka pembe kichwani mwa habari ni kuifuata bei ya soko. Na katika katalogi nyingi za namna hii, za Ulaya na za Marekani, utakuta mtindo mmoja: kitu peke yake kwenye giza, mwanga juu yake, chini wameandika “Lega”, aina ya mti au pembe, na urefu kwa sentimeta. Jina la mwenyewe halipo. Kwa bwami jambo hilo ni la ajabu, maana kitu cha kindi kilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Alipokufa vitu vyake viliwekwa kaburini vionekane, halafu vikapokelewa na ndugu mwenye haki, au vikatunzwa mpaka apatikane mtu wa daraja lile. Mfululizo wa wenyewe ulijulikana kama mtu anavyojua babu zake. Anayeandika “Lega, sentimeta 14” ameandika juu ya galoni: “kitambaa, uzi wa dhahabu, sentimeta 6.”

Sasa tugeuke tujitazame sisi, na hapa tusiwe wapole kwetu kuliko tulivyokuwa kwa wengine.

Mgeni mkubwa anafika Kindu. Ngoma zinalia, watoto wamepangwa mistari, na kabla mheshimiwa hajafuta jasho mtu amekwisha kumvika kofia ya simbi na mkufu wa meno, amemshikisha mkuki, wapiga picha wanakimbia. Kesho mheshimiwa anaondoka, kofia inabaki hotelini au inapanda ndege. Mwezi ujao anakuja mwingine wa chama kingine, naye anavikwa hivyohivyo. Tunauliza: nani amempa? Kwa sherehe gani? Amefundishwa methali ngapi? Tungemwona mwendawazimu mtu wa Ulaya ambaye angemvika ugolonel kila mgeni anayeshuka uwanjani. Tena mgeni mwenyewe hapati kitu. Angepewa kapu la mchele wa Maniema, au mbuzi, angepokea heshima ya kweli ya mgeni, heshima ambayo inchi yetu inaijua vizuri. Ile kofia inamfanya mcheza tamthilia bila yeye kujua.

Tamthilia yenyewe hatuichukii. Makundi ya ngoma ya mji huu yamehifadhi nyimbo ambazo bila wao zingekwisha kupotea katika miaka ya vita, 1996 mpaka 2003, vijiji vilipokimbia na nyumba kuchomwa. Vijana wanaocheza siku ya tarehe 30 Juni wanastahili asante. Wanaowalaumu kwa sababu meno yao ni ya plastiki na simbi zao zimekatwa kwenye chupa za plastiki wanakosea mlango. Plastiki si kosa. Kosa ni kijana wa miaka ishirini kuvaa kofia ya daraja ambalo hata mjomba wake hakulifikia, mbele ya wazee wanaoangalia chini kwa aibu na hawasemi. Kundi likishona kofia yake lenyewe, ya rafia, yenye rangi na shanga kama linavyotaka, ambayo watu wote watajua ni kofia ya kundi, hakuna wa kulalamika. Kwani mafundi tunakosa? Hapa mjini akina mama wanasuka vikapu ambavyo Paris ingevilipia.

Juu ya plastiki, tuazime mfano wa Afrika Kusini, maana Wazulu wamepita njia hii mara mbili, na mara mbili hizo zinatofautiana. Ya kwanza: Wazulu walikuwa na mikufu ya vipande vya mti, iziqu, ya watu walioonyesha ushujaa vitani. Mkufu mmoja, unaosemwa ulikuwa wa mwana wa mfalme, Dinuzulu, ulifika mikononi mwa Baden-Powell, na mwaka 1919 akaanza kugawa vipande vyake kwa viongozi wa maskuti waliomaliza mafunzo Gilwell Park, Uingereza. Tangu hapo maelfu kwa maelfu wamevaa nakala za vipande hivyo shingoni, katika inchi nyingi, Wakristo na Waislamu. Na angalia jambo la kuchekesha: Waskuti wameshika kanuni ya pambo hilo kuliko sisi tunavyoshika za kwetu. Humalizi mafunzo, huvai. Lakini wanaokumbuka kwamba lilikuwa galoni la Mzulu ni wachache, na Mzulu hakuulizwa.

Ya pili ni ya juzi. Waumini wa kanisa la Nazareti, lililoanzishwa na Isaiah Shembe mwaka 1910, wanacheza ngoma takatifu wakiwa wamevaa ngozi ya chui mabegani. Walivyozidi kuongezeka, chui wa kusini mwa Afrika walizidi kupungua. Mwaka 2013 shirika la Panthera lilianza kuwapelekea ngozi za kitambaa zilizochorwa kama chui, na maelfu ya wachezaji wamezikubali. Hapakuwa na muujiza. Mwenye kanuni, yaani kanisa, aliulizwa na alikubali. Kitambaa kikaingia mahali pa ngozi, kama kifungo kilivyoingia mahali pa simbi.

Kwetu habari hii si ya mbali. Chui amekatazwa biashara ya kimataifa, tembo wa Afrika ya Kati vilevile, na tangu mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 kakakuona wa namna zote. Sheria ya Kongo ya mwaka 2014 juu ya uhifadhi wa viumbe inaadhibu anayeua na anayeuza. Hifadhi ya Lomami, ambayo sehemu yake iko Maniema, ilitangazwa mwaka 2016. Mtu anayesema “tunataka meno ya kweli kwa ajili ya utamaduni” anamtuma mwindaji msituni usiku, na chui huyo hatagawanywa na wazee; atauzwa vipande, meno huku, ngozi kule, kwa watu ambao hawajui hata methali moja. Sheria ya serikali na kanuni ya bwami zinakutana hapa bila kupanga: zote mbili zinasema chui si wa mwindaji. Wazee wenye daraja, ambao bado wako Pangi, ndio wenye haki ya kusema ni kitu gani kitachukua nafasi ya jino. Mfupa? Mti mgumu? Wao waseme, na wakisema, watu wa makundi na watu wa protokoli wa mkoa wasikilize.

Limebaki jambo moja ambalo linakuja, tukipenda tusipende. Mwaka 2019 Kinshasa ilifungua jumba jipya la makumbusho ya taifa, lililojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Mwezi wa 6, 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta huko kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kama azima isiyo na mwisho, na mwezi uliofuata Ubelgiji ikawa na sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo inazungumza serikali kwa serikali. Tervuren ina vitu vya Warega, na siku moja sanduku lenye kofia ya kindi linaweza kushuka Ndjili. Atakuwapo waziri, atakuwapo balozi, zitakuwapo kamera. Tunauliza tangu leo, ili muda upatikane wa kujibu: nani ametumwa Pangi kutafuta mtu mwenye daraja la kulifungua?